Uzoefu wangu: kufufua kanda za katuni kwa fundi wa Ngamiani, Tanga

Nilipeleka kanda sita za VHS kwa fundi wa Ngamiani anayehamisha kanda kwenda kwenye flashi na, ukitaka, kuzitia sauti za Kiswahili ili watoto wa leo wazifuate. Zote zilikuwa za katuni: tano za PAL, mfumo wa picha za TV wa kwetu, na moja ya NTSC, mfumo wa Marekani ilikotoka. Bei yake ni shilingi 12,000 kwa kanda, 5,000 zaidi ikiwa na kuvu, na 30,000 kwa kila katuni fupi ya dakika sita au saba itakayotiwa sauti. Duka silitaji jina, maana mazuri na mabaya niliyoyakuta yapo kwa mafundi wengi wa kazi hii, na ni vizuri uyajue kabla hujamkabidhi mtu kanda yako.

Kwa kifupi: kuokoa kanda wanajua sana, sauti waliiharibu mara ya kwanza wakaitengeneza ya pili, na ile huduma ya ziada wanayoiita "kunoa picha" usiichukue hata wakikupa bure.

Nianze na kuvu, kwa sababu mwambao wetu una unyevu na kanda nyingi zimelala kabatini tangu enzi za deki. Itazame kanda kwenye kidirisha chake. Ukiona unga mweupe au utando kama wa buibui ukingoni mwa utepe uliozungushwa, hiyo ni kuvu, na usiitie kwenye deki hata kwa kujaribu tu. Silinda iliyobeba vichwa vya deki ya PAL, vile vinavyosoma utepe, inazunguka mara 1,500 kwa dakika. Kuvu inang'ang'ania vichwani, picha inajaa chenga, kisha kanda safi utakayoweka baadaye nayo inaambukizwa. Fundi alifungua skrubu tano za chini ya kanda, akatoa mizingo yote miwili na kuifungia kwenye boksi la plastiki pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu kwa wiki mbili hadi kuvu ikakauka kabisa. Ndipo akaupitisha utepe polepole kati ya vitambaa vikavu laini, akiwa amevaa barakoa. Kanda ya saa tatu ina utepe wa mita 258 hivi, kwa hiyo hiyo 5,000 si ghali. Kuanika juani ni kosa: plastiki inapinda na utepe unajikunja.

Vichwa vya deki alivisafisha kwa spiriti ya asilimia 99 na kipande cha ngozi laini. Ngozi inashikwa imetulia, silinda ndiyo inayozungushwa kwa mkono. Ukisugua juu chini unavunja kichwa, na pamba ya masikioni inaacha nyuzi zinazonasa humo. Ukimwona fundi ameshika pamba, chukua kanda zako uondoke.

Kunasa picha kwenye kompyuta ni hatua ambayo makosa yake huonekana mwishoni mwa kanda. Vile vidude rahisi vya USB hupoteza fremu, yaani picha mojamoja zinazounda video, kila picha ya deki inapotetereka, na sauti inaanza kuchelewa kidogo kidogo. Dakika ya kwanza huoni kitu. Dakika ya tisini sufuria inamwangukia paka kichwani na mlio unakuja baadaye. Kwa hiyo unapokagua kazi dukani, ruka moja kwa moja hadi mwisho wa faili. Kanda zangu tano zilikuwa sawa. Moja ilikuwa imechelewa karibu nusu sekunde, akairudia bila maneno.

Mwombe pia akupe faili ghafi, lile lililonaswa kwa mistari yote 576 ya picha ya PAL na kubanwa bila kupoteza chochote. Ni zito, kama GB 30 kwa saa moja, kwa hiyo utahitaji diski ya nje, lakini hilo ndilo urithi wenyewe. MP4 ya kwenye flashi unaweza kuitengeneza tena wakati wowote. Kanda haitacheza milele. Flashi nayo ina mtego wake. Ikiwa imepangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, na TV nyingi za bei nafuu zinakataa video iliyobanwa kwa njia mpya ya H.265. Sema mapema unataka ile ya zamani, H.264, na kila katuni iwe faili lake.

Sasa kwenye picha. Katuni hizi zilipigwa kwenye filamu ya fremu 24 kwa sekunde. Kwenye PAL zinaendeshwa 25, ndiyo maana katuni ya dakika 7 inaisha kwa 6 na sekunde 43, na sauti za wahusika zinapanda kidogo. Hilo linarekebishika kwa kurudisha mwendo kwenye 24, na fundi alilifanya nilipomwomba. Kubwa zaidi ni ile mistari inayofanana na meno ya kitana kwenye kitu kinachokimbia. Mafundi wengi wakiiona wanabonyeza kitufe cha kuichanganya, na picha nzima inafifia. Kwa katuni iliyotoka kwenye filamu si lazima. Kwenye PAL kila fremu ina nusu mbili, mstari mmoja wa nusu hii na mmoja wa nusu ile, na zote zinatoka kwenye mchoro uleule. Zikipangwa upya kwa jozi zake, kitana kinaondoka chenyewe na wino unabaki mkali. Kwenye ile kanda ya NTSC mchezo ni mwingine: katika kila fremu tano, mbili zina kitana, kwa sababu fremu 24 zimenyooshwa zifikie 30. Programu inaondoa zile za ziada na kurudisha 24. Simamisha katuni, isogeze fremu moja moja wakati mhusika anakimbia. Ukiona vivuli viwili vya mkono mmoja, mchanganyo umepita hapo.

Halafu hiyo "kunoa". Nililipia kanda moja ili niijue. Programu inafuta chenga na mikwaruzo, inaongeza ukubwa wa picha, kisha inabuni fremu za katikati ili mwendo uwe laini. Kwa mbali inang'aa kama mpya. Sogea karibu umtazame paka usoni. Akiwa ametulia, sharubu zake sita zote zipo. Akigeuza kichwa, fremu moja ina sharubu nne, inayofuata mbili, ya tatu hana hata moja, kisha zote zinarudi. Programu imeona mstari mwembamba unaotokea na kupotea ikadhani ni mkwaruzo. Kuta za nyuma zilizopakwa rangi ya maji zimekuwa kama plastiki, na majina ya mwanzoni yamegeuka herufi zisizosomeka.

Zile fremu za kubuni ni mbaya zaidi. Wachoraji wa zamani mara nyingi walichora mchoro mmoja kwa kila fremu mbili, michoro 12 kwa sekunde, na mhusika anaporuka waliweka mchoro mmoja uliovutwa kama mpira kwa makusudi, ili jicho lione kasi. Programu inaweka michoro mingine katikati, na mruko uliokuwa kama kofi unakuwa kama mtu anayeogelea. Kichekesho kimekufa. Ukishapata faili nzuri, nenda na kwenye TV yako uzime ulainishaji wa mwendo: kwenye LG unaitwa TruMotion, Sony Motionflow, Samsung Auto Motion Plus au, kwenye TV mpya, Picture Clarity. Weka umbo la picha 4:3 na uvumilie pande mbili nyeusi. Ukijaza kioo kwa kukata, robo ya kimo cha picha inapotea, na robo hiyo ndiyo yenye ganda la ndizi sakafuni.

Sauti ndiyo sehemu niliyoijia, na hapa nakaa kidogo.

Watoto wa sasa masikio yao si ya kubahatisha. Tangu 2014 wanasikiliza Ubongo Kids, kazi ya Kitanzania yenye Kiswahili kilichoandikwa, kilichoigizwa na kurekodiwa vizuri. Ukiwapa mtu mmoja anayesimulia juu ya kelele, wanasogea kwenye simu. Fundi wetu anatoka kwenye shule ya mabanda ya video, ya kina Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa sinema, ambako mtafsiri anaongea juu ya filamu nzima na kuongeza chumvi yake. Kwa sinema ya mapigano ni sanaa kamili, naiheshimu. Kwa katuni ya zamani ni sumu, kwa sababu muziki ndiyo nusu ya hadithi. Scott Bradley wa studio ya MGM na Carl Stalling wa studio ya Warner Bros. walitunga muziki unaopanda ngazi pamoja na panya na kudondoka naye. Toleo la kwanza nililopewa liliishusha sauti yote ya asili kuanzia mwanzo hadi mwisho na msimulizi akaniambia "paka anamfukuza panya". Mtoto ana macho, analiona hilo.

Kwenye toleo la pili niliwaandikia masharti. Sauti ya asili ishushwe desibeli 12 pale tu mhusika anapoongea, irudi juu ndani ya nusu sekunde. Katuni isiyo na maneno isiguswe kabisa. Zile za paka na panya, Tom and Jerry, zilizoongozwa na Hanna na Barbera kwa MGM, 114 kati ya 1940 na 1958, nyingi hazihitaji tafsiri yoyote. Usitupe 30,000 yako hapo. Tulijaribu pia programu ya bure ya Demucs inayotenganisha sauti ya mtu na muziki. Penye kinanda cha pole inafanya vizuri, penye tarumbeta muziki unabaki kama unatoka ndani ya maji, kwa hiyo tukaitumia sehemu chache.

Tafsiri yenyewe ni kazi ya midomo. Maneno yetu yanaisha na irabu, mdomo uko wazi. Kiingereza kinafunga ovyo. Mbwa anatoa amri ya silabi moja na kufunga mdomo. Ukimpa "simama", mdomo wake umeshafungwa wewe bado una silabi mkononi. Mtafsiri aliweka "koma!", ile "m" inakutana na midomo inapogusana, na mtoto anaamini mbwa anasema Kiswahili. Sentensi ndefu alizisogeza pale mhusika anapogeuka mgongo, maana mgongo hauna midomo. Kuna bata mdogo anayemwita mbwa mzee kwa jina lake kavu. Kwetu haikubaliki, akawekewa "shikamoo, babu", na "marahaba" ikaja mbwa ameshajigeuza kulala. Nilifurahi sana kwa hilo. Palipowashinda ni Kiswahili cha kitabuni kwa wahusika wote, bibi na mtoto wanaongea kama taarifa ya habari. Omba bibi awe bibi wa Tanga, na mtoto aongee kama watoto wanavyoongea barabarani.

Kurekodi wanafanya kwenye chumba chenye magodoro ukutani, feni imezimwa, usiku baada ya isha bodaboda zikipungua. Mchana waliwahi kurekodi na adhana imeingia nyuma ya sauti ya sungura, walirudia. Waigizaji ni wawili tu kwa wahusika saba, inasikika. Ningelipa zaidi kupata watatu, mmoja wao mtoto.

Kuna jambo ambalo duka halilifanyi na lazima ulifanye wewe: tazama kanda yote kabla ya kumwonyesha mtoto. Katuni za miaka hiyo zimejaa vichekesho vinavyowadhihaki watu weusi, midomo iliyochorwa mikubwa, uso unaogeuka mweusi baada ya mlipuko. Katuni 11 za Warner ziliondolewa kwenye televisheni tangu 1968 kwa sababu hiyo, lakini kwenye kanda za watu huwezi kujua kilichomo. Mtoto wetu hastahili kujifunza kucheka uso wake mwenyewe. Katika kanda zangu nilitoa katuni tatu za namna hiyo, sikuzitia sauti, zimebaki kwenye faili ghafi tu.

Na kama unataka kuonyesha hadharani au kuweka mtandaoni, chagua zisizo na mwenye haki. Filamu 17 fupi za Superman za 1941 hadi 1943 haki zake hazikuhuishwa Marekani, na Steamboat Willie ya 1928, katuni ya Mickey Mouse, iliingia mali ya umma huko tarehe 1 Januari 2024. Hizo fundi anaweza kuzitia Kiswahili bila woga, na nakala zake zilizo safi kuliko kanda yoyote zinapatikana bure.

Nina kanda nyingine mbili, nitampelekea fundi huyuhuyu. Safari hii karatasi itabandikwa juu ya boksi: faili ghafi nipewe, fremu 24, 4:3, usinoe, usilainishe, muziki usishushwe pasipo na maneno, waigizaji watatu.