LibreOffice kwa kugeuza faili za zamani: naipendekeza, lakini kagua kila kinachotoka

Kama una folda iliyojaa faili za .doc (za Word) na .wpd (za WordPerfect, programu ya zamani ya kuandikia) na kompyuta yako ya sasa inazikataa, anza na LibreOffice, programu ya kuandika na kuhariri nyaraka. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na kwa kazi hii sijaona inayoifikia.

Mimi ni mfasiri. Rasimu, orodha za istilahi na barua za wateja wangu zilikuwa zimetapakaa katika fomati za programu mbalimbali, za zamani kabisa zikiwa za WordPerfect 5.1, ile ya DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, iliyotoka mwaka 1989. Nilitaka zote ziwe ODT, fomati ya kawaida ya LibreOffice. Sababu ni kwamba ODT ni kiwango kilichokubaliwa na ISO, shirika la kimataifa la viwango, tangu 2006, na ndani yake hakuna siri: ni faili ya zip tu. Ukiifungua, unakuta maandishi yako kwenye faili iitwayo content.xml, yanasomeka kwa macho. DOCX, fomati ya Word ya siku hizi, nayo ni zip na ni kiwango cha ISO tangu 2008, kwa hiyo anayefanya kazi na watu wa Word aichague hiyo bila wasiwasi. Ila usigeuze kuwa PDF peke yake kama bado unatarajia kuhariri.

Kinachoitofautisha LibreOffice ni wingi wa fomati inazozielewa. WordPerfect inasomwa kupitia maktaba ya programu iitwayo libwpd, ambayo imeandikwa na watu waliochambua fomati hizo kwa subira kubwa. Faili nyingi za enzi ya DOS hazina kiendelezi cha maana, yaani zile herufi za mwisho wa jina kama .doc. Watu waliziita walivyotaka. LibreOffice haitegemei jina tu, inachungulia ndani. Hata wewe unaweza: fungua faili kwa programu ya maandishi matupu, ukiona herufi WPC mwanzoni kabisa, hiyo ni WordPerfect. Word ya siku hizi, kwa upande wake, inazuia faili za matoleo yake ya kale kwa sababu za usalama mpaka ubadilishe mipangilio.

Jaribio langu la kwanza kwa kigeuzi chochote ni neno ng'ombe. Word ya Windows ilizoea kubadilisha alama ya ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda, na katika faili za kabla ya Word 97 alama hiyo ilihifadhiwa kama baiti moja, namba 146. Kigeuzi kisichojua mpangilio wa herufi wa Windows hukutana na namba hiyo na kuiona si herufi kabisa. Matokeo yake ng'ombe anakuwa ngombe, ng'ambo inakuwa ngambo, na hakuna onyo lolote. Tovuti moja ya kugeuza faili mtandaoni ilinirudishia orodha nzima ya istilahi ikiwa hivyo, ritifaa zote zimefutika. Kwa mtu anayeishi kwa maneno, huo ni uharibifu hasa. LibreOffice ilizitoa zote salama, pamoja na tanbihi mahali pake na majedwali yakiwa majedwali.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Word ya zamani ilikuwa na chaguo la kuhifadhi kwa haraka: badala ya kuiandika faili upya, iliongeza mabadiliko mwishoni na kuyaacha maneno uliyoyafuta yamo humo humo. Vigeuzi vinavyochota maandishi kwa kufuata mfuatano wa baiti huyafufua. Sentensi uliyomwondolea mteja inarudi, na ile uliyoiweka badala yake inatokea mwisho wa waraka. LibreOffice inafuata ramani ya faili yenyewe, hivyo unapata waraka kama ulivyouacha, na faili mpya haibebi mabaki hayo.

Kwa faili chache, fungua na uhifadhi kwa fomati mpya, basi. Kwa folda nzima, tumia mstari wa amri:

soffice --headless --convert-to odt --outdir mpya *.doc

Funga kwanza LibreOffice iliyo wazi kwenye skrini, la sivyo amri inaweza kumalizika bila kufanya lolote. Kwenye menyu kuna pia kigeuzi cha kubofya, lakini kinalenga faili za Microsoft Office. Za WordPerfect zitakuhitaji urudi kwenye amri.

Hapa ndipo penye malalamiko yangu makubwa. Ukiwa na barua.doc na barua.wpd, zote mbili zinatoa barua.odt, na ya pili inaifuta ya kwanza bila kukuuliza. Nilizuia hilo kwa kuipa kila fomati folda yake ya kutolea. Tena, faili ikishindikana, ujumbe wa kosa unapita kwenye skrini katikati ya mingine na kazi inaendelea. Mtu mwenye faili nyingi lazima alinganishe mwenyewe idadi ya zilizoingia na zilizotoka. Programu nzuri kiasi hiki ingestahili kutoa ripoti mwishoni: hizi zimefaulu, hizi hazikufaulu.

Sura ya ukurasa nayo husogea. Fonti isipokuwepo huwekwa nyingine: Liberation Serif kwa Times New Roman, Carlito kwa Calibri, ambazo herufi zake zimepimwa upana ule ule ili mistari isivunjike ovyo. Fonti za printa za enzi ya DOS hazina mbadala wa namna hiyo, kwa hiyo namba za kurasa kwenye yaliyomo zitengeneze upya. Michoro ndani ya faili za WordPerfect itazame mmoja mmoja.

Tarehe pia: kila faili mpya inachukua tarehe ya leo, na miaka yote ya kazi inaonekana imefanyika siku moja. Kwenye Linux au Mac, amri ya touch yenye alama -r inanakili tarehe ya faili ya zamani kwenda kwenye mpya. Ifanye kabla hujazihamisha za zamani kwenye diski ya akiba, na huko ziache zikae, usizifute.