tmux na kuta zinazohama usiku

Nimetumia tmux, programu ya kugawa skrini ya kuandikia amri, miaka kadhaa bila kuitukana. Usiku ule niliitukana kwa Kiswahili, kwa Kikamba, na kwa lugha nyingine ambayo sikujua kama naijua. Nyota moja, na hiyo moja ni ya heshima tu.

Mkazi wa Nairobi anaijua biashara ya kugawa. Duka moja pale River Road hukatwakatwa kwa mbao mpaka likatoka maduka kumi, kila mwenyewe na kabati lake la simu na stuli yake ya plastiki. tmux hufanya hivyohivyo kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia kompyuta amri: dirisha moja, vyumba vingi. Mimi nina vitatu. Kushoto chumba kikubwa, ndimo ninamoandikia. Kulia juu seva ya wateja, kulia chini seva ya majaribio. Nilivipima kwa mkono, safu kwa safu, mpaka mistari ya logi, yaani kumbukumbu ambazo seva huandika, ikawa haikatiki katikati. Wala sihitaji kutazama. Nikiwa juu nikataka kushuka, ni Ctrl na b, halafu mshale wa chini. Mkono unajua wenyewe, kama unavyojua swichi ya taa ilipo nyumbani kwako gizani.

Kazi yangu ni kuangalia mitambo ya kampuni ndogo inayopelekea mikahawa mboga. Wanunuzi wetu huwa sokoni Marikiti kabla hakujapambazuka, na oda zote wanazisoma kwenye simu. Kwa hiyo saa ambazo ninyi mnakoroma, mimi niko macho na chai ya tangawizi.

Sasa kosa lenyewe. Nitalieleza polepole maana bado linaniuma. Aliyezoea vi, kihariri cha maandishi cha zamani, anajua kwamba Ctrl na b humrudisha ukurasa mmoja nyuma. Kwa tmux, vitufe hivyohivyo ndivyo mlango wa kila amri. Vilichaguliwa kwa sababu tmux ya mwanzo ilitengenezwa ndani ya screen, programu kongwe ya kazi kama hiyo, na screen ilikuwa imeshajitwalia Ctrl na a. Haya, ugomvi wa majirani wa enzi hizo, mimi nikiwa darasa la pili, ndio naulipia leo. Nilikuwa kwenye hali ya kunakili, ile ya kupitia na kuchagua maandishi yaliyokwisha pita, napanda logi ya seva ya wateja kutafuta hitilafu. Kidole kikabonyeza Ctrl na b kwa mazoea ya vi. Kimya. tmux ilikuwa imelimeza lile pigo na imetulia, inangoja neno la pili. Nikaona kumbe mstari ninaoutaka uko palepale mbele yangu, nikabonyeza kitufe cha nafasi nianze kuchagua maandishi.

Kuta zikahama.

Vyumba vyangu vikawa vichochoro vitatu vya wima, vimebanana, logi imekunjwa kama shati la mitumba. Nikabonyeza tena, maana nilidhani ni mzunguko kama wa matatu: ukikaa ndani tu, mwishowe itakurudisha steji. Ikanipa vitatu vya kulala, kimoja juu ya kingine. Ikanipa kikubwa juu na vidogo chini. Ikanipa kikubwa kushoto, na hapo moyo ukatua kidogo, ila vipimo havikuwa vyangu. Ikanipa vigae. Kisha vichochoro tena. Inayozunguka ni mipangilio yao tu, ile iliyokuja nayo. Wa kwangu, niliopima kwa mkono, haumo.

Nikachoka. Nikabonyeza q nikatoka kwenye hali ya kunakili, nikaamua nifanye kazi humohumo vichochoroni. Ctrl na b, mshale wa chini, amri ya kusimamisha huduma ya majaribio, Enter.

Chini ya kichochoro hakuna chumba. Mshale haukwenda popote, na tmux haikukohoa hata kidogo. Nilikuwa bado kwenye seva ya wateja.

Simu ililia baada ya dakika chache. Mama anayesimamia wanunuzi wetu hana salamu ndefu saa hiyo. “Kijana wangu, hii kitu imekufa. Niko na mkokoteni wa sukuma hapa na sijui naupeleka wapi.” Nyuma yake nasikia wabeba mizigo wakipiga mluzi wapishwe. Nilisema “samahani mama” mara nne. Ya tano akakata.

Lakini hata hilo nilishalisamehe. Lililonichoma lilitoka ofisini, asubuhi yake. Namweleza mwenzangu mmoja, yule ambaye kompyuta yake imejaa vibandiko mpaka jina la mtengenezaji halionekani. Hakuinua macho. “select-layout, unaongeza -o. Inarudisha ulikotoka. Kaka, kwani mwongozo husomwangi?” Watu wawili wakacheka. Nikaenda kuusoma, na kweli ipo. Ila inarudisha badiliko la mwisho tu, na mimi nilikuwa nimebonyeza mara sita! Ingenitoa kwenye vichochoro ikanipeleka kwenye vigae. Nikarudi kumwambia. Akanywa maji kwanza, kisha: “Sasa ulibonyeza mara sita kwa nini?”

Hilo swali. Mtu akihamishiwa nyumba gizani, asipapase?

Na kwa kuwa nimeshakasirika, wacha niitaje na hii, amri ya kugawa chumba: split-window -h. Hiyo h ni ya horizontal, yaani mlalo. Ukiiandika, ukuta unasimama wima. Watakuambia kinacholala ni mpangilio wa vyumba, si ukuta. Sawa.

Ila ngoja. Kuna jambo nikilificha nitakuwa mwongo. Usiku uleule, katikati ya kuiwasha ile huduma upya, stima ilipotea mtaa mzima. Ruta ikafa, na muunganisho ukafa nao. Nikakaa gizani nikihesabu miezi niliyobakisha kwenye mkataba. tmux yetu hukaa kwenye mashine ya kati, si kwenye kompyuta yangu. Nikawasha intaneti ya simu, nikaingia kwenye mashine hiyo kwa ssh, njia ya kuingia kompyuta ya mbali, nikaandika tmux attach, yaani nirudishe nilipoacha. Vyote vitatu vilikuwemo. Vichochoro na ubaya wao, na ile amri niliyoiacha ikikimbia ilikuwa imeshamaliza kazi bila mimi, kishale kinapepesa tu. Mama akatuma ujumbe wa neno moja: “Imerudi.” Kwa dakika ile ningeipa nyota tano na kuku wa kuchoma.

Basi nne. Hapana, tatu, maana mkokoteni wa sukuma bado nauona usingizini.

Nilichofanya tangu siku hiyo: kwenye .tmux.conf, faili ya mipangilio ya tmux, nimeandika unbind Space, kitufe cha nafasi hakina tena ruhusa ya kugusa kuta zangu. Kisha nikatumia list-windows, ambayo hukutolea mpangilio wako kama msururu wa tarakimu, koma na mabano. Msururu huo nimeuhifadhi, na nikiupa select-layout vyumba vinarudi vilivyokuwa, hata nikibonyeza mara sitini. Sijamwambia mtu wa vibandiko.

Nilitulia siku kadhaa. Halafu juzi, kwenye mwongozo huohuo, nikaona kwamba Ctrl na b kisha Alt na 1 huleta vichochoro vilevile, na kwenye toleo langu ziko mpaka Alt na 5. Nimezifuta zote. Nyota mbili.