xbindkeys: programu ndogo iliyoviamsha vitufe vyangu vya sauti

Anayetumia Linux yenye mazingira ya GNOME au KDE Plasma huenda hajawahi kuviwazia vitufe vya sauti, kwa kuwa mazingira hayo huvishughulikia yenyewe. Mimi natumia Debian, aina mojawapo ya Linux, pamoja na Openbox kwa sababu kompyuta yangu ni ya zamani, na Openbox husimamia madirisha, ikimwachia mwenye kompyuta aamue kila kitufe kifanye nini. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikifungua alsamixer, programu ya kurekebisha sauti, kila simu ilipoita muziki ukiwa unapigwa.

Nilianza kwa kuipima kibodi. Nilifungua xev, programu inayoonyesha ishara ya kila kitufe, nikabonyeza kitufe cha kuongeza sauti, na papo hapo likatokea jina XF86AudioRaiseVolume pamoja na namba 123. Kumbe kibodi ilikuwa nzima, ila ishara yake haikuwa na wa kuipokea.

Kazi hiyo ya kupokea ndiyo inayofanywa na xbindkeys, na inaifanya vizuri sana. Baada ya kuisakinisha kwa apt, kisakinishi cha Debian, niliunda faili la .xbindkeysrc katika folda yangu ya nyumbani, nikaandika amri ndani ya alama za nukuu na jina la kitufe katika mstari wa chini yake:

"wpctl set-volume -l 1.0 @DEFAULT_AUDIO_SINK@ 5%+"
    XF86AudioRaiseVolume

Kitufe cha kupunguza nilikiandikia 5%-, na cha kunyamazisha nikakipa set-mute yenye neno toggle mwishoni. Naomba sana kile kipande cha -l 1.0 kisiachwe, kwani ndicho kinachoizuia sauti isivuke asilimia 100, na spika ndogo za kompyuta mpakato hukwaruza vibaya zikisukumwa kupita hapo. Amri ya wpctl ni ya wenye PipeWire na WirePlumber, programu zinazosimamia sauti kwenye Linux. Mwenye PulseAudio, mfumo mwingine wa sauti, atatumia amri ya pactl.

Ni kweli kwamba kazi hii ingewezekana ndani ya rc.xml, faili la mipangilio la Openbox, lakini kule kitufe kimoja hudai mistari kadhaa ya XML, na alama moja isipofungwa faili zima huharibika. Hapa mistari miwili inatosha, na asiyejua jina la kitufe huandika xbindkeys -k, akakibonyeza, akaandikiwa jina lake.

Upungufu upo. Programu hii haionyeshi kiwango cha sauti kwenye skrini, hivyo hutegemea masikio yako tu. Kubwa zaidi, husikiliza vitufe kupitia X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye Linux, kwa hiyo aliyehamia Wayland, mrithi wake, haitamfaa. Kwenye Sway, kisimamizi cha madirisha cha Wayland, kwa mfano, amri hizohizo huandikwa kwa bindsym katika faili la mipangilio la Sway yenyewe.