Mizani ya mfukoni ya sh 950 kwa mkusanyaji wa sarafu kuukuu: uzoefu wangu

Bibi alipofariki tulikuta kwenye kijaluba chake, chini ya mabaki ya tambuu, pesa mbili za shaba za Mombasa. Upande mmoja zina mizani na mwaka 1306 wa Hijria, upande wa pili 1888, mwaka uleule Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilipopewa hati yake. Hapo ndipo niliposhikwa na ugonjwa wa sarafu, na ndipo nilipoliwa sh 4,500.

Duka silitaji. Liko Mji wa Kale, na mzee aliyeniuzia "rupia ya Mombasa ya 1888" aliapa kwamba ni fedha tupu. Wiki iliyofuata nikanunua mizani, zile ndogo wanazotumia masonara, yenye uwezo wa gramu 200 na kusoma hadi nukta mbili. Rupia halisi ina gramu 11.66. Yangu ikasoma 9.52.

Nikairudisha. "Mwanangu, hiyo imelika kwa kushikwashikwa," akaniambia. Ilike gramu mbili nzima na herufi bado zinakwaruza kidole?

Kilichonifanya niipende mizani hii ni maji. Chukua kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono (glasi ya kawaida ikijaa maji huipita gramu 200), tia maji, kiweke juu ya mizani kisha bonyeza irudi sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa chini wala ukingo. Namba inayotokea ndiyo ujazo wake. Gawanya uzito wake mkavu kwa namba hiyo. Fedha safi hutoa karibu 10.5, na rupia, kwa kuwa imechanganywa shaba kidogo, hutoa kama 10.3. Yangu ilitoa 8.7. Nilirudia mara tatu nikitumai nimekosea kugawanya.

Lakini usidhani mizani itakwambia kila kitu. Nina riale ya Maria Theresa, ya gramu 28.04, na kawaida yake ni 28.07, kwa hiyo uzito wake hauna shaka. Umri je? Karibu zote zimeandikwa 1780, mwaka aliokufa malkia huyo wa Austria, na ziliendelea kupigwa kwa tarehe hiyohiyo miaka mingi baadaye kwa sababu wafanyabiashara wa pwani zetu na Uarabuni hawakutaka nyingine. Hapo utahitaji jicho na kioo cha kukuzia. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa ndiyo kabisa: uzito wao haukuwa mmoja tangu zilipotengenezwa. Hizo raha yake ni kusoma, maana maandishi ya upande mmoja yana vina na ya upande wa pili, kama beti.

Kasoro zake sasa. Feni ikiwa inazunguka, nukta ya mwisho haitulii. Lazima uzime, na Mombasa ya Februari kuzima feni ni adhabu. Inajizima yenyewe baada ya dakika moja, mara nyingi ukiwa bado unahangaika na uzi, na ile sifuri uliyoiweka inapotea. Betri unajinunulia. Kifuniko kimeshaanza kulegea bawaba, na unyevu wa huku umeingia chini ya kioo cha namba.

Kubwa zaidi, haiji na jiwe la kuihakiki. Nilimpelekea sonara mmoja jirani, akanipimia ile rupia bandia kwenye mizani yake kubwa: 9.52, sawasawa na yangu. Tangu siku hiyo sijamsumbua tena mzee wa duka anirudishie hela. Kila nikiwasha mizani, rupia yake ndiyo ninayoitanguliza. Ikisoma 9.52, naendelea na kazi.