Mizani ya bafuni inayodai kupima mifupa

Mizani hizi za kioo zinazoungana na simu zimejaa madukani, na wanaopunguza mwili wanazipenda. Kwa kilo, ni nzuri. Iweke kwenye sakafu ngumu, maana juu ya zulia inadanganya. Jipime asubuhi baada ya haja, kabla ya chai, kisha linganisha wastani wa wiki kwa wiki.

Shida ni ule mstari wa "mifupa". Mizani hupitisha umeme mdogo sana kutoka unyayo mmoja hadi mwingine kupitia vile vibati vya chuma. Umeme huo hufuata maji na misuli. Mfupa haupitishi vizuri. Kwa hiyo ile 2.6 kg unayosomewa imekadiriwa kwa hesabu, kutokana na uzito wako na urefu, umri na jinsia ulivyojaza. Ingia kwenye programu, badili jinsia, panda tena: kwa nyingi, "mifupa" hubadilika papo hapo, na miguu ni ileile.

Hapo ndipo mtu anapoumia. Ukipungua, nyonga hubeba mzigo mdogo na mfupa wake hupungua madini. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2017 uliwagawa wazee 160 wanene makundi manne kwa miezi sita. Makundi matatu yalipunguza chakula na kufanya mazoezi, yote yakapungua uzito karibu 9%. Waliotegemea mazoezi ya pumzi, kama kutembea, walipoteza takribani 3% ya msongamano wa mfupa wa nyonga. Walionyanyua vyuma 0.5%, waliochanganya yote mawili 1%. Kilo zilezile, nyonga tofauti kabisa, na mizani hii haiwezi kukuonyesha hilo.

Kinachopima mfupa ni DEXA, eksirei hafifu ya nyonga na kiuno. Mwanamke aliyekoma hedhi anayepanga kupungua sana amuulize daktari kabla ya kuanza. Kipimo cha pili kifanyike kwenye mashine ileile, baada ya mwaka hivi au zaidi.

Kwa hiyo nunua mizani ya kawaida ya dijitali. Chenji itie kwenye vyuma vya mkononi na chakula: protini angalau gramu 1 kwa kila kilo yako (mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza), kalsiamu miligramu 1,000 kwa siku, 1,200 kwa mwanamke aliyepita miaka 50. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa na sukuma wiki hutosheleza vizuri. Mchicha una kalsiamu, lakini mwili huinyonya kidogo.

Mwenye kifaa cha umeme cha kuendesha mapigo ya moyo asipande kabisa mizani ya vibati.