Urasimishaji wa viwanja mtaani kwetu Dar: nawapa nyota 3

Wadau mnaoulizia hii huduma ya urasimishaji, yaani kupanga na kupima mitaa iliyojengwa kiholela ili watu wapate hati, mimi nimeshapitia, kiwanja kina bikoni (alama za mipaka) tayari ila hati bado, kwa hiyo naongelea nilichokiona. Jina la kampuni iliyotupimia sitaji.

Vijana wa kupima wako vizuri sana jamani, hawana kiburi, walikuja na ile mashine ya GPS wakazunguka na sisi pamoja na wajumbe wa kamati ya urasimishaji ya mtaa, kila kona wanauliza jirani yuko wapi, hawachimbii bikoni mpaka nyote wawili mmekubaliana. Kuna bibi alikataa katakata kuachia hata mita moja ya njia, wakakaa nae wakamfungulia mchoro, ile ramani ya viwanja na njia za mtaa, barazani kwake mpaka akaona mwenyewe kwamba gari la kunyonya choo halitafika kwake wala kwa wa nyuma, akakubali. Hapo nyota zote 5.

Ofisini kwao ndo kuna shida. Ukishalipa, mchoro ukikwama simu hazipokelewi. Ila si wao tu, shida nyingine inatoka juu. Wizara ya Ardhi ilishusha bei elekezi mpaka 150,000 kwa kiwanja, nia ni kumsaidia mwananchi wa chini na mimi naiunga mkono, lakini kazi yenyewe inaendeshwa na hiyo hiyo michango yetu, mtaa ukichanga nusu kazi inalala na mliolipa mnawasubiri wasiolipa. Halafu kwa Sheria ya Mipangomiji ya 2007 halmashauri ndio mamlaka ya upangaji, sawa, ila mchoro lazima uidhinishwe na wizara, afadhali tangu 2020 zilipofunguliwa ofisi za ardhi mikoani. Hata upana wa barabara mnaobishania kwenye mkutano wa mtaa, viwango vinatoka huko huko wizarani, kamati inabaki na kazi ngumu ya kuamua ukuta wa nani uvunjwe.

Mi naona serikali ingezipa halmashauri hela ya kuanzia, mtaa upimwe wote kwa mkupuo, watu walipe wakati wa kuchukua hati.

Mnaotaka kuanza, kwanza hakikisheni wengi mtaani wako tayari kuchanga, lipieni benki kwenye akaunti ya kamati, hela mkononi msimpe mtu yeyote hata awe mjumbe, na ombeni kuona mchoro wenye muhuri wa kuidhinishwa kabla bikoni hazijachimbiwa.