Tahadhari: spika za dashibodi za "omu 10" zenye lebo ya kubandikwa

Ndugu zangu wenye Chevrolet, Pontiac na Buick za miaka ya 60, kuna mtu anauza spika ya dashibodi ya inchi 4 kwa 10, anasema ni orijino, haijawahi kufungwa, omu 10 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Msimtumie hata senti kabla hamjasoma haya. Mimi nimeshapigwa dola 95, na hizo dola 95 ndiyo hasara ndogo.

Gari langu ni Chevelle ya 1967, na redio ni ileile ya AM ya Delco (chapa ya redio za General Motors) iliyotoka nayo kiwandani. Spika inakaa katikati ya dashibodi, imelala chini ya vile vitundu, karibu kabisa na kioo cha mbele. Kwa jua hili la Houston, koni ya karatasi iliyokaa hapo zaidi ya miaka 50 haina maisha. Yangu ilikauka ikapasuka ukingoni, redio ikawa inakoroma tu.

Muuzaji nilimpata kwenye kundi la WhatsApp la Waswahili wa huku Marekani. Kiswahili kizuri, salamu ndefu, mpaka hali ya mama nyumbani anaulizia. Akatuma picha ya boksi kuukuu lililofifia, na spika yenye lebo ya karatasi mgongoni mwa sumaku: 10 OHM. Nikamwomba aipime kwa mita ya umeme, akasema mita ameiazimisha. Nikataka kulipa kwa PayPal kama mtu anayenunua bidhaa, akang'ang'ania nitume kama ndugu na marafiki, eti tusikatwe makato. Nikakubali, kwa sababu alikuwa ananiita kaka. Jamani, malipo ya namna hiyo hayana ulinzi wowote wa mnunuzi. Ukishatuma, imetoka.

Kuifunga kulinichukua Jumamosi nzima. Unalala chali sakafuni, unatoa kile kisanduku cha karatasi ngumu cha upande wa abiria, ndipo mkono unafika kwenye boliti. Nilipowasha ilipiga vizuri, nikamwita mke wangu aje asikie. Baada ya kama dakika kumi sauti ikaanza kukwaruza, ikakata, na harufu ya kuungua ikatoka kwenye vitundu vya dashibodi.

Nikaitoa na kuiweka kwenye mita: omu 3.4. Kisha nikaishikilia ile lebo juu ya mvuke wa birika mpaka gundi ikaachia. Chini yake kulikuwa na chapa ya kiwandani, 4 Ω, yaani omu 4. Spika mpya ya bei rahisi, imetiwa kwenye boksi la zamani.

Hii si tofauti ndogo. Redio za Delco za transista zilitengenezwa ziendeshe spika ya omu 10. Ukizifungia ya omu 4, transista ya mwisho, ile inayotoa nguvu ya sauti, inabebeshwa mzigo usio wake, inachemka na mwisho inakufa. Ya kwangu ni ya aina ya zamani, ya jerimani (germanium), si silikoni za siku hizi, na fundi ameikuta imeungua pamoja na rizista ya fyuzi (kipande kinachozuia umeme kiasi na kukatika ukizidi) iliyo jirani yake. Matengenezo ni dola 160. Redio iliyoishi tangu 1967 imeuliwa na kipande cha karatasi na gundi.

Kwa hiyo mwambie muuzaji yeyote akutumie video, ncha mbili za mita zikiwa pale nyaya zinapofungwa kwenye spika, na karatasi yenye jina lako na tarehe ya siku hiyo pembeni. Mita husoma chini kidogo ya namba ya spika: ya omu 10 itaonyesha kama 8 hivi, ya omu 4 itaonyesha 3 na pointi. Wenye Ford, redio zenu nyingi za miaka ile zilitaka omu 8, mtarajie 6 hadi 7. Anayekwambia hana mita, mwache. Mita inauzwa bei ya chakula cha mchana, na mtu anayeishi kwa kuuza spika hawezi kuikosa.

Kama umeshanunua kwake, usiwashe redio. Ng'oa spika uipime kwanza, na usiiwashe redio ikiwa haina spika kabisa, nayo ni hatari kwa transista hiyohiyo. Ukikuta ni omu 4 na huna nyingine, funga rizista ya omu 6, wati 10, kwenye waya mmoja wa spika. Sauti itapungua lakini redio itapona. Kama gari lako lina redio ya kisasa, omu 4 haitaiua. Hapo umeibiwa hela tu. Na spika mpya za inchi 4 kwa 10 zenye omu 10 za kweli bado zinatengenezwa, wala si adimu kiasi cha kumbembeleza mtu.

Nilipomwandikia alijibu kwamba redio yangu ilikuwa mbovu tangu mwanzo, kisha akanifungia. Wiki hii wenzetu wawili wamenionyesha picha walizotumiwa, na boksi ni lile lile: limechanika kona ya juu kushoto, na ubavuni lina duara la kahawia la kitako cha kikombe.